Altrasaundi ya kitandani kwa mgonjwa wa dharura: ya simu, ya troli, au umpeleke chumba cha picha?

Swali hili wenzangu wa vituo vya Unguja na Pemba wananiuliza sana siku hizi: tumepata vijisenti, au kuna ndugu yuko Uingereza anataka kutuchangia, sa tununue altrasaundi gani ya kuweka emejensi? Ile ndogo inayochomekwa kwenye simu, au ile ya troli yenye skrini yake, au tuache tu wagonjwa waendelee kupelekwa chumba cha picha mana mashine kubwa tayari ipo? Mie simuuzii mtu mashine na sina ugomvi na kampuni yoyote, kwa hiyo ntaziweka zote tatu kwa vigezo sawasawa, afu kila mtu atazame hali ya kwake.

Kwanza ujue unataka ikujibu nini

Altrasaundi ya kitandani sio ile ya kumlaza mtu nusu saa ukampima ini, figo, wengu na kibofu ukaandika ripoti ukurasa mzima. Hii unauliza swali moja, unapata ndio au hapana, unafanya uamuzi. Mtu kaanguka mkarafuu, presha inashuka, tumbo linauma: kuna damu tumboni au hamna? Kijana wa bodaboda kagongwa Fuoni anahema kwa tabu: hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua? Mwanamke hajaona siku zake mwezi wa pili huu, tumbo linamkata upande mmoja, kazimia: mimba iko ndani ya kizazi, au tumbo limejaa damu? Mzee hapumui vizuri na miguu imevimba: ni maji kwenye mapafu, au ni maji yaliyozunguka moyo?

Kile kipimo wanachokiita FAST kinaangalia sehemu nne tu: kulia kati ya ini na figo (ndo ule mfuko wa Morison), kushoto kati ya wengu na figo, chini kwenye nyonga kuzunguka kibofu, na moyo kwa kupitia chini ya kidari. Ukiongeza mapafu pande zote mbili inakuwa eFAST. Damu iliyomwagika ikiwa bado mbichi inaonekana nyeusi, na kwa kawaida inataka ifike kama mililita 200 au zaidi ndo uione. Kwa hiyo mtu aliyeletwa dakika kumi baada ya kuanguka anaweza akaonekana safi kabisa, ukirudia baada ya nusu saa unakuta mstari mweusi pale pembeni ya ini. Utumbo uliotoboka na damu iliyojificha nyuma ya tumbo, FAST haikuhakikishii, na hapo hata mashine ya bei gani haikuokoi. Hili nalisema mapema mana watu wanadhani ukinunua ghali zaidi utaona kila kitu.

Mapafu ni hadithi nyengine, na mie nasema huku ndiko kifaa hiki kinakolipa khasa. Eksirei ya kifua ya mgonjwa aliyelala chali inakosa hewa nyingi ya nje ya pafu, altrasaundi inaikamata zaidi, tena unachotafuta ni kitu kimoja: pafu linateleza likipumua au halitelezi. Lichtenstein, yule daktari wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wa Ufaransa, alishaonyesha mwaka 2008 kwenye ule utaratibu wa BLUE kwamba mgonjwa anayeshindwa kupumua unaweza kumpangia sababu kwa kuangalia mapafu na mishipa ya miguu tu pale pale kitandani.

Basi vigezo vyangu ni sita: muda mpaka upate jibu, picha yenyewe, pesa yote (sio ya kununulia tu), umeme na mtandao, mikono ya kuishika, na usafi pamoja na kudumu kwake.

Ya simu

Hapa nazungumzia Butterfly, Lumify ya Philips, Vscan Air ya GE na ndugu zao. Probu, yaani kile kishikio unachokipitisha juu ya ngozi ya mgonjwa, inachomekwa au inaunganishwa bila waya kwenye simu au tableti na picha unaiona humo.

Muda: hapa inashika nafasi ya juu. Iko mfukoni kwa dokta wa zamu, inafunguka haraka, mgonjwa hasogezwi hata kidogo, wala huhitaji kusukuma meza na viti kutafuta pa kuweka mashine. Na inapanda kwenye gari la wagonjwa na kwenye boti. Wa Pemba mtanielewa: mgonjwa wa rufaa wa kwenda Unguja kwa ndege, kama ana hewa iliyokwama kifuani, ile hewa inatanuka ndege ikipanda juu. Ukimuangalia kifua pale Chake Chake kabla hajapandishwa, ukaweka mpira wa kifua kama inabidi, umemuondolea balaa la angani ambako huna pa kugeukia.

Picha: kwa yale maswali ya ndio na hapana inatosha. Damu tumboni, pafu kuteleza, maji kwenye mfuko wa moyo, mtoto yumo kizazini na moyo unapiga, kibofu kimejaa, figo imetanuka. (Hiyo ya figo kwetu sio ndogo, kichocho cha mkojo kimeishi visiwani miaka na miaka na kinaweza kuziba njia ya mkojo mpaka figo ikavimba.) Inapochoka ni kwa mgonjwa mnene, kwa vitu vidogo vilivyo juu juu, na kwa vipimo vya moyo vya kina kama valvu inavuja kiasi gani. Butterfly inatumia chipu ya silikoni badala ya zile fuwele za kawaida, kwa hiyo probu moja inajifanya ya tumbo, ya moyo na ya mishipa. Rahisi sana hiyo, ila kila kazi inaifanya kwa wastani. Lumify yenyewe kila kazi na probu yake, picha nzuri, lakini kila probu unainunua mbali.

Pesa: bei ya kununulia ni kama dola elfu mbili kwenda mpaka elfu sita saba kutegemea kampuni na umri wa toleo. Inaonekana nafuu, sa soma maandishi madogo. Baadhi wanataka malipo ya kila mwaka, mamia ya dola, na usipolipa baadhi ya kazi zinafungwa, ni kama king'amuzi tu, kikiisha kifurushi unabaki na pambo. Mfadhili amelipa mwaka wa kwanza kafurahi kapiga picha, mwaka wa pili nani analipa? Hospitali ya serikali kulipa kitu cha intaneti kwa kadi ya benki, jamani, mnajua wenyewe huo mzunguko wa makaratasi. Afu hakikisha kampuni inahudumia Tanzania kabla hujatuma hata senti, mana sio zote zinafungua akaunti kila nchi.

Umeme na mtandao: umeme ukikatika haikuhusu, muda wa betri yake tu. Nyengine zina betri yao, nyengine zinanyonya chaji ya tableti, kwa hiyo tableti ikiwa asilimia nane saa tisa usiku na mgonjwa ndo anaingia, umeumia. Zinapata joto pia, ukipima mfululizo kwenye chumba kisicho na feni, mwezi wa pili jua la kaskazi, inaweza ikajizima ipoe. Mtandao hauhitaji kwa kupima, ila apu nyengine zinataka ziguse intaneti mara moja moja, na kuhifadhi picha mawinguni kunakula bando.

Mikono: ndo inayofundishika kirahisi, na ndo inayopotosha kirahisi. Skrini ndogo, mtu kajifunza kwa video, kaona kitu cheusi kasema damu, kumbe ni mkojo kwenye kibofu au ni mshipa mkubwa wa chini, ule unaorudisha damu moyoni kutoka tumboni na miguuni.

Usafi na kudumu: inafutika upesi, haina nyaya tele. Lakini inaibika. Inasahaulika kwenye mfuko wa koti ikaenda nayo Jang'ombe. Na ikifa hamna fundi wa kuifungua, unarudisha kiwandani, ndo basi.

Ya troli

Ni zile za ukubwa wa laptop zinazokaa kwenye kigari, SonoSite, Mindray na wenzao, zina probu mbili tatu zimening'inia.

Muda: kama imewekwa mle mle chumba cha dharura, dakika mbili tatu umeshaanza. Kama imefungiwa kabatini na ufunguo anao mkuu wa wodi aliyeondoka saa tisa na nusu, usiniulize. Kwa kweli tatizo la mashine hizi kwetu mara nyingi ni ufunguo, mana kitu cha thamani kubwa kila mtu anaogopa kiharibike kwenye zamu yake.

Picha: tofauti unaiona. Probu iliyopinda ya megahezi 2 mpaka 5 kwa tumbo, ya bapa ya megahezi nyingi zaidi kwa mishipa na kwa kuona pafu likiteleza, na ile ndogo ya moyo inayopita katikati ya mbavu. Kwa ICU hii ni kitu kikubwa. Kuweka laini ya shingoni huku unaona sindano inaingia kwenye mshipa na sio kwenye ateri, kumuangalia mgonjwa wa sepsis (mwili umezidiwa na maambukizi) moyo wake unabana vipi kila baada ya saa kadhaa, kuhesabu ile mistari meupe inayoshuka mapafuni ujue dripu zimeshazidi, kazi hizi za kurudia rudia kwa mgonjwa yule yule zinataka skrini kubwa ambayo watu watatu wanaona pamoja, na mwanafunzi anajifunza hapo hapo. Ule mshipa mkubwa wa chini watu wanaupenda kuuangalia wajue waongeze maji au la, mie naomba usiuamini peke yake, utazame na moyo na mapafu.

Pesa: kwa mpya tunazungumzia kama dola elfu kumi kwenda juu, za kampuni kubwa zinapanda mpaka elfu hamsini. Malipo ya mwaka kwa kawaida hamna, ukinunua ni yako. Ila probu moja ikianguka sakafuni, bei yake peke yake ni maelfu ya dola.

Kuna nyingi zinakuja kama msaada, zimetumika huko nje miaka. Usikatae, lakini zijaribu kwanza. Paka probu jeli kidogo, chukua klipu ya karatasi uinyooshe, ipitishe taratibu kwenye uso wa probu huku unatazama skrini. Kila inapopita inatakiwa ing'ae chini yake. Ikifika pahala ikapotea, hapo fuwele zimekufa, na ndo maana kwenye picha unaona mstari mweusi unaoteremka moja kwa moja. Dakika mbili tu hizo na zinakuokoa kupokea kontena la vyuma.

Umeme: inategemea soketi. Betri ya ndani ikiwa nzima unapata saa moja mbili, kwenye mashine kuukuu mara nyingi betri imeshakufa, ukichomoa tu inazima. Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, Unguja kwa waya wake kutoka Bara, na wa Unguja tunakumbuka ile giza ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya jenereta. Siku hizi sio vile, lakini umeme ukipanda na kushuka ndo unaoua bodi za mashine hizi, kwa hiyo stebilaiza na UPS uziweke kwenye bei tokea siku ya kwanza. Mtandao hauhitaji kabisa.

Mikono: vitufe vingi, watu wanaogopa. Ukishaizoea lakini unajifunza altrasaundi yenyewe, na ujuzi huo unahamia kwenye mashine yoyote.

Usafi na kudumu: ikitunzwa inakaa miaka mingi, na fundi wa vifaa tiba akiwepo anaweza kubadilisha fyuzi, betri, tairi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu inakula viunganishi, iwekwe ndani sio barazani. Na nyaya zake zinaburuta, kutoka kitanda cha huyu mpaka cha yule, kwa hiyo ICU lazima pawe na utaratibu wa kuzifuta probu na nyaya kila mgonjwa, kwa dawa aliyoitaja mtengenezaji, mana spiriti inaharibu uso wa baadhi ya probu.

Chumba cha picha

Muda ndo udhaifu wake mkubwa, na sio dakika za kupima ni za njiani. Mchana mpimaji yupo, kuna foleni ya kina mama wajawazito. Usiku anaitwa kutoka nyumbani. Na mgonjwa mwenye presha ya sabini anasukumwa kwenye korido, mbali na oksijeni, mbali na tiata. Mgonjwa wa namna hiyo sio wa kusafirishwa kwenda kupigwa picha, hata kama chumba ni mlango wa tatu.

Picha lakini ndo bora kuliko zote. Aliyeshika probu anaifanya kazi hiyo kila siku, ana dopla kamili (ya kuonyesha damu inavyotembea), anapima, anaandika, anaweka kumbukumbu. Mawe ya nyongo, kidole tumbo, korodani iliyojisokota (hiyo nayo ina haraka, lakini inataka dopla nzuri na mkono uliozoea), umri wa mimba, uvimbe usioeleweka, haya yote yake.

Pesa: kwenu hamna ya ziada, mashine na mtu wapo. Umeme ni ule wa jengo, mara nyingi na jenereta lake. Usafi na matunzo yana mwenyewe. Kwa hospitali yenye mpimaji wa usiku kweli kweli, sio wa kwenye ratiba ya ukutani tu, njia hii inafaa kwa wagonjwa wengi kuliko watu wa emejensi tunavyopenda kukubali.

Mambo mawili yanayozigusa zote

La kwanza mafunzo. ACEP, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, wanapendekeza mtu afanye vipimo 25 mpaka 50 kwa kila aina ya kipimo ndo ahesabike anakiweza, jumla 150 mpaka 300. Sio semina ya siku mbili na cheti. Bara wana idara ya dharura ya Muhimbili tangu 2010 na mabingwa wa fani hii wanafundishwa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa hiyo wa kutusimamia wapo karibu. Kabla hujanunua chochote jiulize nani atazitazama picha za wanafunzi wako kila wiki na kuwaambia hapa umeona, hapa umebuni. Ukizituma kwa simu kuomba ushauri, toa jina la mgonjwa kwanza.

La pili jeli. Inaisha, na ikiisha mashine ya dola elfu hamsini ni skrini nyeusi. Kongo walishajaribu jeli ya unga wa muhogo ikatoa picha za kutumika, na muhogo sisi hatuna shida nao, ila inaharibika upesi, ipikwe kidogo kidogo. Kwa laini na sindano ni jeli ya pakiti iliyo sterilaizi tu, chupa ya kujaza jaza inafuga vijidudu.

Sa kwako ipi

Kituo kidogo cha shamba au kisiwa kidogo, tabibu mmoja wa zamu, hakuna tiata na kazi yenu kubwa ni kuamua nani apelekwe sasa hivi na nani asubiri asubuhi: ya simu inafaa, ukiwa na mtu wa kulipia mwaka wa pili na wa tatu. Bila hilo, tafuta troli ndogo iliyotumika iliyofaulu mtihani wa klipu.

Hospitali ya wilaya yenye tiata, wajawazito wengi, majeruhi wa bodaboda, na msimu wa karafuu wachumaji wanaoanguka: troli ikae emejensi, na ufunguo, kama lazima uwepo, ukae kwa nesi wa zamu. Mkipata na ya simu iende kwenye gari la wagonjwa.

ICU: troli, na probu ya bapa usiiache kwa kubana matumizi. Ya simu hapo ni ya kuzungukia wodi asubuhi.

Hospitali ambayo mpimaji analala pale pale na chumba cha picha kiko ukuta mmoja na emejensi: msikimbilie kununua. Mkubaliane tu kwamba mashine ya chumba cha picha isukumwe ije kwa mgonjwa asiyefaa kusogezwa, na daktari wa dharura aruhusiwe kuishika mpimaji akichelewa. Makubaliano hayo yaandikwe yasainiwe na pande zote mbili, mana ya mdomo yanaisha siku mkuu wa idara akihama.

Daktari anayetaka ya kwake binafsi: ya simu, ila ongea kwanza na mganga mkuu picha zitakaa wapi na nani anawajibika ukisema hapana damu kumbe ipo.

Na ndugu zetu wa nje mnaotaka kuchangia: kabla ya kulipa ulizeni hospitali mambo manne, nani ataishika, nani atamsimamia anayejifunza, inalala wapi usiku, na malipo ya mwaka yanatoka mfuko gani. Wakikujibuni haraka, tumeni. Wakiomba muda, kwanza mlipieni mtu mmoja mafunzo ya miezi mitatu Dar, na mashine mje mnunue akirudi.